Kumpatia msomaji kitabu asichokijua: namna ya kupendekeza vitabu vipya na vilivyosahaulika

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye vitabu methali hii haifanyi kazi. Kila mwaka vitabu vizuri hulala ghalani kwa sababu zisizohusiana na uzuri wake: kilitoka wiki moja na kitabu cha mtu mashuhuri, mchapishaji mdogo alichapa nakala chache, jalada lilimdanganya mnunuzi, kiliwekwa rafu isiyo yake, mwandishi alifariki kabla hajakinadi. Vikishapita miezi michache ya mwanzo, duka linahitaji nafasi kwa vitabu vya msimu unaofuata, na kitabu hakina tena mtu wa kukisemea.

Anayependekeza vitabu ndiye anayebaki kukisemea. Tatizo ni kwamba wengi wanaoipenda kazi hii huianza kinyume: wanakipenda kitabu kwanza, halafu wanatafuta mtu wa kumtwika. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, aliandika mwaka 1931 sheria 5 za ukutubi. Ya pili inasema kila msomaji ana kitabu chake, ya tatu kwamba kila kitabu kina msomaji wake. Mpangilio huo una maana. Ukianza na msomaji, hata kitabu kigumu kisichojulikana kitapata njia. Ukianza na kitabu, utaishia kukopesha nakala zisizorudi.

Mhoji msomaji kwanza

Usiulize “Unapenda vitabu gani?” Swali hilo huleta jibu la heshima: mtu hutaja vitabu anavyodhani anapaswa kuvipenda. Uliza mambo yaliyokwisha kutokea:

- Kitabu gani cha mwisho ulikimaliza bila kujilazimisha, na ni kipande gani bado unakikumbuka?
- Kipi ulikiacha njiani, na ulifika wapi?
- Unasoma saa ngapi na wapi: kitandani dakika 15, safarini saa nzima, kwenye simu, kwa kusikiliza?
- Siku hizi unafuatilia jambo gani, hata kama halina uhusiano na vitabu?

Jibu la pili ndilo lenye thamani kuliko yote. Watu huchuja wanaposema wanachopenda, lakini wakieleza kilichowachosha husema kweli tupu. “Niliacha kwa sababu watu wote walikuwa wabaya” na “niliacha kwa sababu kurasa 80 zimepita hakuna kilichotokea” ni wasomaji wawili tofauti kabisa, hata kama kitabu walichokiacha ni kile kile.

Swali la nne ni la wadadisi. Msomaji mdadisi mara nyingi hana aina ya kitabu anayoipenda. Ana jambo analolichimba. Mwezi huu ni nyuki, mwezi ujao ni reli. Kwake mipaka ya riwaya, tawasifu, historia na sayansi haina uzito, kwa hiyo ukimwekea riwaya tupu kwa kuwa kitabu chake cha mwisho kilikuwa riwaya, umemkosa.

Unapomsikiliza, tega sikio ujue aliingia kitabuni kwa mlango gani. Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani, anataja milango 4: hadithi, wahusika, mandhari na lugha. Anayesema “nilikesha nacho” aliingia kwa hadithi. “Yule bibi simsahau” ni wahusika. “Nilijiona nipo pale pale” ni mandhari. “Nilirudia ukurasa ule mara tatu” ni lugha. Mtu anayemaliza riwaya za upelelezi mfululizo huenda hajali kabisa nani aliua. Anapenda mji wenye ukungu na vichochoro vyake, na kitabu cha historia ya mji wa bandari kitamfaa zaidi kuliko maiti nyingine. Kwa wadadisi sisi huongeza mlango wa tano, nao ni namna kitu kinavyofanya kazi: raha ya kuelewa jinsi kufuli linavyofunguka au jinsi ramani inavyochorwa.

Juu ya milango hiyo kuna mwendo. Joyce Saricks, ambaye ameandika sana juu ya kazi ya kuwashauri wasomaji maktabani, anauhesabu mwendo miongoni mwa mambo makuu yanayomvuta mtu kitabuni, na hapo ndipo mapendekezo mengi yanapovunjika. Mada inaweza kuwa sahihi, mandhari sahihi, na bado kitabu kikashindwa kwa sababu kinatembea polepole kwa mtu anayesoma dakika 15 akiwa na usingizi. Mwendo unapimika. Fungua kitabu sehemu tatu: karibu na mwanzo, katikati, na robo ya mwisho. Angalia aya zina urefu gani, mazungumzo yanachukua nafasi kiasi gani, na muda gani wa maisha ya wahusika unapita katika kurasa 10. Angalia pia urefu wa sura. Sura za kurasa 5 humfaa anayesoma kwa vipande. Sura za kurasa 40 humtesa, kwa kuwa kila jioni analala katikati ya jambo.

Mahali pa kuvitafuta

Orodha za vitabu vinavyouzwa sana hazikusaidii. Msomaji wako anaziona mwenyewe. Nenda hatua moja nyuma ya kila kinachotangazwa.

Kwenye tuzo, acha mshindi, soma orodha ndefu. International Booker Prize, kwa mfano, hutangaza kila mwaka vitabu 12 au 13 vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza kabla ya kuvipunguza hadi 6. Vile vinavyoachwa katika mchujo wa kwanza vimeshasomwa na waamuzi na kuonekana vinafaa, kisha vinasahauliwa ndani ya wiki chache. Orodha za zamani ni bora zaidi, kwa kuwa unaweza kuona nani aliendelea kuandika. Abdulrazak Gurnah alikuwa kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Booker, ile ya riwaya zilizoandikwa kwa Kiingereza, mwaka 1994 kwa riwaya yake Paradise, akakosa. Nobel alipewa 2021. Kwa miaka 27 jina lake lilikuwa mahali palipo wazi, na tafsiri ya Kiswahili ya riwaya hiyo, Peponi, ilitoka 2022.

Fuata wafasiri kama unavyofuata waandishi. Mfasiri mzuri ni mchaguzi: mara nyingi yeye ndiye aliyekipeleka kitabu kwa mchapishaji. Ukipenda kazi yake moja, tafuta jina lake katika katalogi na usome orodha yote. Lugha nyingine pia huweza kukiokoa kitabu ambacho lugha yake yenyewe imekisahau. Riwaya ya Stoner ya John Williams ilitoka Marekani mwaka 1965 na kupotea upesi. Mwandishi alifariki 1994. Ilichapwa upya miaka ya 2000, lakini kilichoisukuma hadi ikasomwa sana barani Ulaya ni tafsiri ya Kifaransa ya 2011 iliyofanywa na Anna Gavalda, mwandishi ambaye tayari alikuwa na wasomaji wake.

Soma kurasa ambazo watu huziruka. Kwenye ukurasa wa shukurani mwandishi hutaja waandishi wenzake, wahariri na walimu. Ukurasa wa hakimiliki wa mkusanyiko wa hadithi fupi husema ni majarida gani yaliyozitoa mara ya kwanza. Anza kuyasoma majarida hayo na utawajua waandishi wapya kabla hawajatoa kitabu. Kwenye vitabu vya maarifa, marejeo ni mgodi. Kitabu kinachotajwa mara 15 katika tanbihi za mwandishi mmoja ndicho kilichombeba, na mara nyingi ndicho kitabu bora kuliko hicho ulichoshika mkononi, ila hakikupata jalada la kupendeza.

Katalogi ya maktaba ina vyombo viwili ambavyo watu wachache huvitumia. Cha kwanza ni vichwa vya mada vilivyoandikwa chini ya maelezo ya kitabu: bonyeza kimoja, kisha panga matokeo kwa mwaka, ya zamani juu. Cha pili ni namba ya rafu. Mfumo wa Dewey, ulioanza 1876, huweka vitabu vya mada moja pamoja, hivyo ukikipata kimoja tazama majirani zake 20 kushoto na kulia. Lakini mada inayomvuta mdadisi kwa kawaida imetawanyika. Chumvi kama madini iko 553, kama chakula iko 641, kama bidhaa ya kiwandani iko 664, na chumvi iliyosababisha vita itakuwa kwenye 900 pamoja na historia. Anayesimama rafu moja tu huona robo ya kilichopo. Kosa la mpangaji wa rafu, kwa njia hii, ni faida yako: tawasifu ya mtaalamu wa volkano iliyowekwa 551 pamoja na vitabu vya jiolojia haitaonwa kamwe na wapenzi wa tawasifu.

Wachapishaji wadogo wasome kwa mfululizo. Nyumba inayotoa vitabu 8 hadi 12 kwa mwaka ina ladha moja, ya mhariri mmoja au wawili, na ukiipatia ladha hiyo umepata vitabu vya miaka mingi. Ipo pia mifululizo inayofufua vitabu vilivyokwisha madukani. Hiyo ni rahisi kuifuata, ila kumbuka kwamba mtu mwingine ameshachagua kabla yako.

Njia ya mwisho ni kuwauliza wasomaji wakubwa swali moja: nani amesahaulika bila haki? Mwaka 1977 gazeti la Times Literary Supplement liliwauliza watu wa fasihi swali la namna hiyo. Barbara Pym, mwandishi wa riwaya wa Uingereza ambaye mswada wake ulikataliwa 1963 na tangu hapo hakuwa amechapishwa tena, alitajwa na watu wawili, mshairi Philip Larkin na mhakiki Lord David Cecil, na hakuna mwandishi mwingine aliye hai aliyetajwa mara mbili. Riwaya yake Quartet in Autumn ilitoka mwaka ule ule na kuingia orodha fupi ya Booker. Cha kuiga hapo ni kule kutajwa mara mbili. Jina moja likitoka kwa mtu mmoja ni mapenzi yake. Likitoka kwa wawili wasioshauriana, litafute.

Vitabu vipya na kelele zake

Kitabu kipya kina ugumu wa kinyume: kina maneno mengi yasiyoaminika. Sifa zilizochapwa juu ya jalada huombwa na mhariri au wakala kutoka kwa waandishi anaowafahamu; zichukulie kama orodha ya marafiki, ingawa orodha hiyo nayo ina habari, kwa sababu waandishi huandamana na wa ladha yao.

Alama za nyota kwenye mitandao ya wasomaji zina mitego mitatu. Zikiwa chache, wastani hauna maana, na huenda nyingi kati yake ni za jamaa. Kitabu cha tatu au cha nne katika mfululizo karibu kila mara huwa na wastani wa juu kuliko cha kwanza, si kwa ubora, ila kwa sababu waliochoka walishaachia njiani. Na kitabu kilichotangazwa kama kitu kisicho hushushwa alama na wasomaji waliodanganywa na jalada. Soma maoni ya nyota 3. Wanaotoa 5 na wanaotoa 1 husema walivyojisikia. Wa 3 huandika sababu, na sababu inayomkera mmoja ndiyo itakayomfurahisha mwingine. “Mwandishi anapotea kwenye maelezo ya mashine” ni lalamiko, na ni pendekezo pia.

Ukipewa nakala ya mapema kabla ya usahihisho wa mwisho, usinukuu sentensi hata moja bila kuilinganisha na kitabu kilichochapwa. Majina hubadilika, sura hukatwa. Ukipewa kitabu bure, au mwandishi ni rafiki yako, sema hivyo katika mstari wa kwanza.

Kijaribu kabla ya kukisifu

Kitabu unachokipendekeza uwe umekimaliza. Ikiwa hukukimaliza, taja ukurasa uliofikia. Vitabu visivyojulikana havina wasomaji wengi watakaokusahihisha, kwa hiyo ukisema mwisho wake ni mzuri na wewe hujafika, hakuna atakayejua mpaka msomaji wako agundue mwenyewe.

Riwaya ijaribu kwa maswali yale yale ya mlango na mwendo, kisha andika mahali inapozorota. Karibu kila riwaya ina bonde, mara nyingi kati ya theluthi ya kwanza na nusu. Msomaji aliyeambiwa “kati ya ukurasa wa 70 na 95 inapunguza mwendo” hulivuka. Asiyeambiwa hufikiri kitabu kimekufa.

Kitabu cha maarifa kina jaribio la dakika 20. Soma yaliyomo, uone kama sura zinajenga hoja au ni makala zilizoshonwa pamoja. Fungua faharasa na utafute jambo moja unalolijua vizuri. Soma kurasa hizo. Akikosea unachokijua, usimwamini kwa usichokijua. Chagua madai mawili makubwa na uangalie kama yana chanzo. Kitabu chenye takwimu nyingi bila marejeo wala faharasa hakimfai mdadisi, kwa sababu hakimpi pa kwenda baadaye.

Halafu tazama mwaka wa toleo la kwanza, si mwaka wa chapa uliyoshika. Kitabu cha jiolojia cha kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 huenda hakijui kwamba mabara yanasafiri juu ya mabamba ya ganda la dunia. Cha dinosaria cha kabla ya 1980 hakitataja dhana ya kimondo iliyotolewa mwaka huo kueleza kutoweka kwao. Cha sayari cha kati ya 1930 na Agosti 2006 kitahesabu 9, Pluto ikiwemo. Hilo halikifanyi kuwa kibaya. Baadhi ya maelezo mazuri kabisa ya namna ya kutazama mawe yaliandikwa na watu wasiojua mabamba. Ila mwambie msomaji kipi kimepitwa na kipi kimebaki, vinginevyo atapeleka kosa mbele kwa jina lako. Hivyo hivyo kwa lugha ya dharau kuhusu watu fulani, ambayo vitabu vya zamani hubeba: itaje kwa sentensi moja, bila kuomba radhi kwa niaba ya marehemu.

Jiulize pia kwa nini kitabu kilisahaulika. Wakati mwingine ni bahati mbaya. Wakati mwingine ni kwa sababu hakina kitu, na uchache wake ndio unaokupumbaza. Ugonjwa huu huwapata hasa wanaopenda kuonekana wamesoma kisichosomwa. Jaribio lake ni rahisi: kama kitabu hiki kingekuwa mezani kwa kila mtu, ungeendelea kukisifu?

Hakikisha kinapatikana

Hapa ndipo mapendekezo ya vitabu vya zamani hufa kimyakimya. Msomaji anatafuta mara moja, hakipati, basi. Kabla hujataja kitabu fanya yafuatayo.

Andika jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka wa toleo la kwanza, mfasiri, na ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, ya toleo unalolipendekeza. Kila umbo lina ISBN yake: jalada gumu, jalada laini na cha kielektroniki ni namba tatu tofauti, kwa hiyo namba isipoleta kitu usikate tamaa, tafuta kwa jina. ISBN zilikuwa na tarakimu 10 mpaka mwisho wa 2006. Tangu 1 Januari 2007 ni 13. Namba ya zamani hugeuzwa kwa kuweka 978 mbele na kukokotoa upya tarakimu ya mwisho. Kuweka 978 peke yake mara nyingi kutakupa namba batili. Herufi X mwishoni mwa namba ya tarakimu 10 si kosa la chapa, inasimama badala ya 10. Vitabu vilivyochapwa kabla ya miaka ya 1970 kwa kawaida havina ISBN kabisa: tumia mwandishi, mwaka na mchapishaji.

Angalia kama kitabu kina majina mawili. Wachapishaji wa Uingereza na Marekani mara nyingi hubadilisha jina, na wafasiri wawili wanaweza kukipa kitabu kimoja majina yasiyofanana. Angalia neno linaloonyesha kwamba toleo limefupishwa, ambalo huandikwa kwa herufi ndogo ndani. Jihadhari na chapa za haraka zinazotengenezwa kutokana na picha za vitabu vya zamani: dalili zake ni jalada lisilohusiana, kukosekana kwa ukurasa wa hakimiliki wa asili, michoro iliyofifia na wakati mwingine kurasa zilizokatika pembeni.

Kilichotoka kwenye hakimiliki kinaweza kuwa bure kihalali. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni iliyoanza 1971, ni mahali pa kuanzia. Sheria hutofautiana: nchi nyingi hulinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, nyingine 50, na tafsiri ina hakimiliki yake mbali na kitabu cha asili. Kwa kilicho adimu, mwelekeze msomaji kwenye mkopo baina ya maktaba. Mkutubi huagiza kutoka maktaba nyingine, naye huhitaji maelezo yale yale uliyokwisha kuyaandika. Usitume nakala ya wizi. Mchapishaji mdogo aliyefufua kitabu hicho ndiye atakayekuletea kingine, akiwa hai.

Kuandika pendekezo

Maneno 80 hadi 120 yanatosha. Zaidi ya hapo unaandika tahakiki, na tahakiki husomwa baada ya kitabu.

Futa maneno haya: kizuri, cha kuvutia, kazi bora, lazima ukisome. Yote yanaeleza hali yako, hayaelezi kitabu. Tazama mfano huu wa riwaya ya kubuni:

“Riwaya ya kurasa 210. Fundi saa anapokea saa ya ukutani asiyoitambua, na akiifungua anakuta ndani karatasi zenye mwandiko wake mwenyewe. Inaanza kama upelelezi lakini sivyo: baada ya ukurasa wa 60 swali la karatasi linapungua nguvu, na kinachobaki ni ndoa ya fundi huyu ikisimuliwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Sura ni fupi, kurasa 4 hadi 6, ingawa sentensi ni ndefu. Kurasa 30 za mwanzo zina majina mengi, ila si lazima kuyashika yote. Anayetaka fumbo lifumbuliwe atakasirika. Aliyewahi kupenda kitabu kwa sababu ya namna watu wanavyonyamaziana, aanze na hiki.”

Kila sentensi ina kazi. Ya kwanza inampa msomaji ukubwa wa mzigo. Ya pili ni tukio moja la mwanzo, si muhtasari. Ya tatu inazuia udanganyifu wa jalada. Ya nne ni mwendo, ya tano ni kizingiti, ya sita inawaondoa wasiohusika, na ya mwisho inamwita anayehusika kwa mlango wake. Sentensi ya sita ndiyo watu huiogopa. Usiiache: pendekezo linalomfaa kila mtu halimfikii yeyote, na msomaji aliyeonywa akaendelea huwa ameshajiandaa.

Kuhusu kufichua yaliyomo, kanuni inayofanya kazi ni kutosema lolote linalotokea baada ya robo ya kwanza, isipokuwa kitabu kinageuka aina, kama huo wa hapo juu. Hapo kunyamaza ni kumtega msomaji.

Kulinganisha na kitabu maarufu ni dawa kali. “Ukipenda kile utapenda hiki” huleta matarajio ya kitabu kizima, na kitabu kisichojulikana hushindwa katika kila kipengele isipokuwa kimoja. Taja kipengele hicho peke yake: mji, sauti ya msimulizi, namna sura zinavyokatika.

Vingapi, na baada ya hapo

Mpe vitatu. Kimoja huwa amri, kumi huwa kazi ya nyumbani. Cha kwanza kiwe karibu na alichokipenda, kibadilike kitu kimoja tu. Cha pili kiingie kwa mlango ule ule lakini kitoke aina nyingine: kwa mpenzi wa riwaya za baharini, shajara ya mabaharia. Cha tatu kiwe mbali, na umwambie kwamba ni mbali. Wasomaji wadadisi mara nyingi huanza na cha tatu. Angalau kimoja kiwe chini ya kurasa 200, hasa kama ndiyo mara yako ya kwanza kumpendekezea. Mtu akimaliza kifupi atakuamini kwa kirefu.

Ukiandikia watu usiowajua, huwezi kuwahoji, kwa hiyo kila kitabu kibebe maswali yake: andika wazi mlango, mwendo na kizingiti. Orodha ya vitabu 10 isiwe na zaidi ya viwili vinavyohitaji msako maalumu, na vyote vya mwaka mmoja visikusanyike mwanzoni.

Kwa msomaji unayemjua, rudi kwake baada ya wiki tatu hivi. Usiulize “Ulikipenda?”, maana adabu itamlazimisha kusema ndiyo. Uliza “Ulifika wapi?” Aliyeachia kabla ya ukurasa wa 40 hakupatana na lugha au mwendo: ulikosea mlango. Aliyeachia katikati alikwama bondeni, na huenda hukumwonya. Aliyeachia kurasa 30 kabla ya mwisho kwa kawaida ameona mwisho unakuja na haumpendezi. Huyo zungumza naye, atakuambia kitu kuhusu kitabu ambacho wewe mwenyewe hukukiona. Nancy Pearl ana kanuni ya kumpa msomaji ruhusa ya kuacha: soma kurasa 50, na ukipita umri wa miaka 50, toa umri wako katika 100 upate idadi ya kurasa unazodaiwa na kitabu. Mwenye miaka 70 anadaiwa 30 tu. Mwambie msomaji kanuni hiyo mapema, ili akikosana na kitabu chako asikukwepe.

Yote haya yaandike. Daftari au jedwali la kawaida linatosha, mstari mmoja kwa kila kitabu: mwandishi, jina, mwaka, mfasiri, kurasa, mlango, mwendo, bonde liko wapi, tahadhari, nani nimempa, alifika wapi. Safu mbili za mwisho ndizo zitakazokufaa zaidi kadiri muda unavyopita. Kitabu ambacho wasomaji wanne tofauti wamekiachia ukurasa ule ule kinahitaji onyo jipya katika pendekezo lako, au kiondoke kwenye orodha.